Kaimu aliyeomba kura

Tarehe 20 Juni 1991 Victor Orena alikuwa anarudi nyumbani kwake Cedarhurst, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York. Alipokaribia nyumba akaona gari limeegeshwa na watu wameketi ndani, wametulia, kama wanaomsubiri mtu. Akawatambua. Walikuwa watu wa familia yake mwenyewe ya uhalifu, familia ya Colombo ya mafia, na aliyewaongoza alikuwa Carmine Sessa, mshauri wa familia, mtu waliyekuwa wakipanga mambo pamoja. Orena hakusimama kuwauliza wamefuata nini. Alikanyaga mafuta akapotea.

Tukio hili halina damu. Hakuna risasi iliyofyatuliwa siku ile, hakuna aliyelazwa hospitali. Hata hivyo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa kuliko mauaji yote yaliyofuata, kwa sababu ya kilichotangulia. Muda mfupi kabla ya hapo Orena, aliyekuwa kaimu bosi, alikuwa amemtuma Sessa kazi moja: pita kwa makapteni, wakuu wa vikundi vya familia, uwaulize kama wananikubali niwe bosi kamili.

Aliomba kura, akaletewa bunduki.

## Kiti cha mtu aliye gerezani

Mafia ya New York imegawanyika katika familia tano za uhalifu, kila moja na bosi wake, na Colombo ni mojawapo. Ninataka tukae kidogo na cheo kimoja ambacho wasimulizi wengi hukiruka haraka ili wafike kwenye risasi: kaimu bosi.

Bosi wa familia ya Colombo alikuwa Carmine Persico. Mwaka 1986 alipatikana na hatia katika kesi ya familia yake, akapewa miaka 39. Ikaja kesi ya Tume, yaani baraza la mabosi wa mafia, kesi iliyowaweka viongozi wa familia za New York kizimbani kwa pamoja, na humo Persico akaamua kujitetea mwenyewe bila wakili. Januari 1987 akaongezewa miaka 100. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Miaka 139. Huyo hatoki.

Lakini kwa kanuni za mafia, bosi ni bosi mpaka afe au aachie kiti kwa hiari yake. Gereza halimvui. Kanuni hiyo ina akili yake. Isingekuwepo, kila bosi anayekamatwa angepinduliwa na waliobaki nje kabla kesi haijafika mahakamani, na wenye tamaa wangekuwa na kila sababu ya kuwasaidia polisi wamfunge mkubwa wao. Kumlinda aliyefungwa ni kuwalinda wote.

Tatizo ni kwamba kanuni ilitungwa zama ambazo mtu akifungwa, anafungwa miaka mitano, saba, kumi, kisha anarudi. Marekani ikapitisha sheria ya RICO mwaka 1970, inayoruhusu serikali kulishtaki genge zima kama biashara moja ya uhalifu, na miaka ya 1980 waendesha mashtaka wakajifunza kuitumia barabara. Ghafla vifungo vikawa vya karne nzima. Serikali ilibadilisha urefu wa kifungo, mafia haikubadilisha kanuni ya kiti. Nikitafuta chanzo cha vita vilivyozuka ndani ya familia hii mwaka 1991, mimi naanzia hapo kabla ya kutaja jina la mtu yeyote.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Persico akamweka Orena kuwa kaimu, na akampa mamlaka mapana. Orena aliruhusiwa kuingiza wanachama wapya na kuagiza mauaji bila kusubiri ruhusa ya gerezani. Yeye ndiye aliyekaa vikaoni, aliyesuluhisha ugomvi wa mgao, aliyekutana na wakubwa wa familia nyingine. Alikuwa karibu na John Gotti wa familia ya Gambino, na ukaribu ule ulimpa uzito mjini.

Kiti, hata hivyo, kilikuwa na mwenyewe, na nyuma ya mwenyewe kulikuwa na mtoto. Alphonse Persico, Allie Boy, alifungwa katika kesi ileile ya 1986 pamoja na baba yake, ila kifungo chake kilikuwa kifupi. Miaka ya mwanzo ya 1990 angekuwa nje. Kila mtu alijua kwamba Orena anamshikia mtu nafasi.

Hebu fikiria kazi hiyo. Hatari yote iko juu yako. FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, wanakufuata wewe, simu zinazosikilizwa ni zako, kesi itakayokuja itakuwa na jina lako. Na hela unapeleka sehemu yake kwa mtu aliyefungwa California, upande wa pili wa nchi, ili siku moja mwanawe aje akwambie sogea.

## Kwa nini aliuliza?

Hapa ndipo mashaka yangu yalipoanza. Miaka mitano na nusu tu kabla ya hapo Gotti alikuwa amewaonyesha wote jinsi bosi anavyoondolewa. Tarehe 16 Desemba 1985 Paul Castellano, bosi wa familia ya Gambino, alishuka kwenye gari mbele ya mkahawa wa Sparks, katikati ya Manhattan, akapigwa risasi pamoja na dereva wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefanywa naibu wake. Gotti hakuitisha kura kabla. Aliua, akaja kuulizia wafuasi baadaye, na wiki chache tu zikatosha kumfanya bosi.

Basi kwa nini Orena, rafiki wa Gotti, achague njia ya heshima? Nilijiuliza kama ni woga, au ustaarabu, au alijiamini mno kwa sababu wengi walikuwa upande wake.

Jibu lililonitulia ni rahisi kuliko yote hayo. Castellano aliweza kuuawa kwa sababu alikuwa anatembea barabarani. Persico alikuwa ndani ya gereza la shirikisho, amezungukwa na kuta na walinzi wa serikali. Hukumu iliyomnyima uhuru ndiyo iliyomkinga na mapinduzi. Bosi ambaye huwezi kumfikia kwa bastola unabaki na njia moja tu: uwashawishi makapteni waseme hatumtaki tena, kisha uipelekee Tume kauli yao ikubariki. Orena aliuliza kwa sababu hakuwa na mlango mwingine.

Na hiyo njia pekee ilipitia mikononi mwa Sessa.

Sessa hakwenda kwa makapteni. Alimpasha habari Persico, na amri iliyorudi kutoka gerezani ikawa ni kumuua Orena. Nimewaza sana juu ya mtu huyu aliyesimama katikati na karatasi ya kura mkononi, kwa namna ya kusema. Angeweza kwenda upande wowote. Upande wa Orena kulikuwa na watu wengi na mfadhili mwenye nguvu mjini. Upande wa Persico kulikuwa na mzee asiyetoka. Kwa hesabu ya vichwa, Orena alishinda.

Ila Persico alikuwa na damu. Ndugu, binamu, mtoto, watu ambao wasingemwacha hata akiwa na miaka 139 ya kufungwa, kwa kuwa bila yeye wao si kitu. Orena alikuwa na wafuasi; Persico alikuwa na ukoo. Wafuasi huhama upepo ukigeuka, na Sessa, aliyekulia humo, aliujua ukweli huo kuliko sisi tunaosoma.

Tume yenyewe haikumtawaza Orena wala kumvua Persico. Mazungumzo ya kutafuta suluhu yaliendelea kiangazi kile chote bila kufika popote.

## Nyoka

Haiwezekani kumwelewa Persico bila kurudi nyuma miaka 30, maana aliwahi kusimama upande ule mwingine.

Mwaka 1961 bosi wa familia hii alikuwa Joseph Profaci, mwagizaji mkubwa wa mafuta ya zeituni, mtu wa kanisa, na mtu mgumu kwa senti. Kila mwanachama alimtoza dola 25 kwa mwezi. Fedha zile ziliitwa za kusaidia familia za waliofungwa. Manung'uniko ya chini kwa chini yalikuwa kwamba nyingi zinaishia kwa mzee. Novemba 1959 Frank Abbatemarco, aliyekuwa akiendesha bahati nasibu haramu Brooklyn na kugoma kumlipa Profaci fungu lake, aliuawa. Ndugu watatu wa Gallo, Larry, Joe na Albert, walitegemea biashara ya marehemu iangukie kwao. Profaci akawagawia watu wake wa karibu.

Februari 1961 kundi la Gallo likafanya jambo ambalo halikuwahi kusikika: liliwateka wakubwa wanne wa familia yao wenyewe, akiwemo naibu bosi Joseph Magliocco na mdogo wake Profaci, Frank. Profaci mwenyewe aliponyoka. Kukawa na majadiliano, ikatolewa ahadi kwamba malalamiko yatasikilizwa, mateka wakaachiwa. Ahadi ikayeyuka.

Persico alikuwa kijana wa upande wa Gallo. Profaci alimnunua arudi.

Tarehe 20 Agosti 1961, siku ya Jumapili, Larry Gallo aliitwa kwenye baa iitwayo Sahara huko Brooklyn. Akiwa ameketi, kamba ikapitishwa shingoni mwake kutoka nyuma. Alikuwa karibu kukata roho pale sajini wa polisi alipoingia: mlango ulikuwa wazi siku ambayo baa ilipaswa kufungwa, na sajini alitaka kujua kuna nini. Wauaji wakatimka, na askari aliyekuwa nje akapigwa risasi ya uso, akapona. Larry alibaki na alama ya kamba imezunguka shingo nzima, nyekundu, na polisi walipomuuliza nani amemfanyia hivyo, akanyamaza. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa Persico. Kwa kuwa mwathirika alikataa kusema, kesi haikusimama.

Tangu hapo Persico akaitwa Nyoka.

Wakati huohuo watu wa Gallo walikuwa wamejifungia kwenye jengo lao la mtaa wa President, wamelala kwenye magodoro chini, wakisubiri kuvamiwa. Mwaka 1962, wakiwa katika hali hiyo, moto ukazuka kwenye nyumba jirani, nao wakakimbilia ndani na kuwatoa watoto waliokuwa wamenaswa. Magazeti yaliwapenda sana wiki ile. Ninaamini waliwaokoa wale watoto kwa moyo kweli, na ninaamini pia kwamba watu haohao waliua kwa kuagizwa. Yote mawili ni kweli na sioni haja ya moja kulifuta jingine.

Profaci alikufa kwa saratani Juni 1962. Magliocco akarithi, akaingia kwenye njama ya kuwaua mabosi wenzake, na aliyepewa kazi ya kuwaua, Joseph Colombo, akaenda kuwatonya walengwa. Mwisho wa 1963 Magliocco alikuwa amekufa na Colombo alikuwa amepewa familia nzima kama asante. Jina ambalo familia hii inalibeba hadi leo limetokana na usaliti uliolipwa vizuri.

Halafu tarehe 28 Juni 1971 Colombo naye akapigwa risasi ya kichwa mbele ya umati, Columbus Circle, Manhattan, kwenye mkutano wa chama chake cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia. Aliyempiga, Jerome Johnson, aliuawa palepale. Wengi ndani ya familia walimnyooshea kidole Joe Gallo, aliyekuwa ametoka gerezani mwaka huohuo, na tarehe 7 Aprili 1972, siku aliyotimiza miaka 43, Gallo alipigwa risasi mezani, mkahawa wa Umberto's mtaa wa Mulberry, mbele ya mke wake.

Lakini Colombo hakufa. Alipooza, akaishi hivyo mpaka Mei 1978. Miaka karibu saba familia ilikuwa na bosi asiyeweza kuongoza, na watu wakawa wanapokezana kumshikia nafasi. Sehemu kubwa ya muda huo Persico alikuwa ndani kwa kesi ya utekaji wa malori, na bado sauti yake ilisikika kila uamuzi mkubwa ulipofanyika. Akatoka 1979 akiwa na nguvu kuliko alivyoingia.

Kwa hiyo mwaka 1987, hakimu alipomsomea miaka 100, Persico alikuwa na uzoefu ambao bosi mwingine hakuwa nao. Alishawahi kuongoza akiwa kifungoni na ikawezekana. Kwa nini aamini kwamba safari hii haitawezekana?

## Novemba

Asubuhi ya tarehe 18 Novemba 1991 Gregory Scarpa, kapteni wa upande wa Persico, alikuwa ametoka tu nyumbani kwake Brooklyn. Nyuma yake, kwenye gari jingine, alikuwepo binti yake na mjukuu mdogo. Gari likawazibia njia, watu wakashuka na bunduki wakaanza kumimina risasi. Scarpa alipenya akatoroka. Binti na mtoto walinusurika.

Vita vikafunguka rasmi.

Havikuwa vita vya kukabiliana. Watu walihama nyumba zao wakalala mafichoni, wakawa wanazunguka na magari usiku wakiwindana, wakikariri namba za magari na ratiba za wake wa watu. Desemba hiyo Vincent Fusaro wa upande wa Orena alipigwa risasi akiwa mlangoni kwake anapachika pambo la Krismasi. Januari 1992 aliuawa kapteni Nicholas Grancio ndani ya gari lake. Mei, Lorenzo Lampasi, mbele ya nyumba yake.

Na kuna yule kijana.

Hata miaka 20 hakuwa amefika. Alikuwa mfanyakazi wa duka la mikate Bay Ridge, duka lililohusishwa na watu wa Persico. Mtu aliingia Desemba 1991 akampiga risasi akiwa kazini. Hakuwa wa Persico, hakuwa wa Orena. Habari nyingi za vita hivi humpa sentensi moja, tena katikati ya orodha, na kila ninapoifikia huwa nashindwa kusonga mbele. Wanaume wale wengine, kila mmoja kwa wakati wake, alikubali kuingia kwenye maisha yenye mwisho wa namna ile. Yeye aliamka asubuhi akaenda kuuza mikate. Sitaandika jina lake hapa, kwa sababu ana watu wake na hawakuomba kuwemo kwenye simulizi ya mabosi.

Hadi vita vinazimika 1993, watu wapatao 12 walikuwa wamekufa. Wa mwisho alikuwa Joseph Scopo, Oktoba mwaka huo, Queens. Orena mwenyewe alikuwa ameshakamatwa Aprili 1992, akapatikana na hatia Desemba, na kufungwa maisha.

## Kikulacho

Hadi hapa ningeweza kusema hadithi ni ya kiti na mwenye kiti. Tatizo ni Scarpa.

Alikuwa mpasha habari wa FBI. Na si wa jana: alianza mapema miaka ya 1960, zama zilezile za vita vya Gallo, akaacha katikati ya miaka ya 1970, akarudishwa mwaka 1980. Katika vita vya tatu vya familia hii, muuaji hodari kuliko wote wa upande wa Persico alikuwa anapiga simu serikalini, anaeleza nani kafanya nini, na mauaji aliyoyafanya kwa mkono wake akiwabebesha wengine.

Tena alikuwa anakufa. Mwaka 1986 alifanyiwa upasuaji akahitaji kuongezewa damu. Alikataa damu ya hospitali, akataka itoke kwa watu anaowafahamu, na mmoja wao alikuwa na virusi vya UKIMWI. Kufikia 1991 mwili ulikuwa umekwisha. Watu husema juu ya ukatili wake, lakini mimi naona hali yake ya afya ina maana kubwa zaidi katika habari hii. Makapteni wengine walikuwa na kesho ya kuihesabu: biashara, watoto, kifungo. Mtu anayejua hamalizi miaka mitatu hana sababu ya kutaka suluhu.

Afisa wa FBI aliyemsimamia aliitwa Lindley DeVecchio. Chini yake alikuwepo Christopher Favo, ambaye baadaye alitoa ushahidi mahakamani kwamba alipomletea bosi wake taarifa ya kuuawa kwa Lampasi, DeVecchio aligonga meza kwa furaha akasema tutashinda hili. Favo alisema alimjibu kwamba sisi ni FBI, hatuko upande wa yeyote. DeVecchio siku zote amekana kwamba aliwahi kumsaidia Scarpa kuua, na maelezo yake ni kwamba ushindi aliousema ni wa serikali dhidi ya pande zote mbili. Mwaka 2006 alishtakiwa Brooklyn kwa kusaidia mauaji manne. Mwaka uliofuata kesi ikafutwa katikati, kwa sababu shahidi mkuu, aliyekuwa mwenzi wa Scarpa kwa miaka mingi, alionekana kwenye kanda za zamani akieleza mambo tofauti na aliyoyasema kizimbani. Sheria imemwachia, nami sina ushahidi wa kuipita sheria.

Lakini kivuli kile kilitosha kugeuza kesi nyingine. Mwaka 1994 na 1995 wanachama zaidi ya kumi wa upande wa Orena waliachiwa huru na majopo ya raia. Mawakili wao waliwaambia wale raia kwamba hakukuwa na vita vya pande mbili. Kulikuwa na mpasha habari wa serikali anayeua, na watu wengine wanaojihami.

Je, ni kweli?

Nimeigeuza hoja hii huku na huku. Kuna siku nilikuwa tayari kuikubali yote. Inaumiza kufikiri kwamba kijana wa duka la mikate alikufa katika vita ambavyo mtu wa serikali alikuwa anavichochea huku akilipwa. Ila kalenda inanikatalia. Kikosi cha Sessa kilikaa nje ya nyumba ya Orena mwezi Juni, miezi mitano kabla risasi hazijamfuata Scarpa. Amri ilikuwa imeshatoka gerezani. Na Orena naye si kondoo: mauaji ya mwaka 1989 yaliyomfunga aliyaagiza akiwa kaimu mwenye starehe zake, kabla ya ugomvi wowote. Alipoomba kesi isikilizwe upya kwa hoja ya Scarpa, hakimu Jack Weinstein alimkatalia mwaka 1997.

Basi msimamo wangu ni huu: Scarpa alivirefusha vita na kuvifanya vikali, na serikali ilimwacha mtaani muda mrefu kupita kiasi. Hakuvianzisha. Vilianzishwa na mzee aliyekataa kuachia, na kanuni iliyompa haki ya kukataa.

Scarpa alifariki gerezani Juni 1994. Sessa, yule mbeba kura, alikamatwa Aprili 1993 nje ya kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, Manhattan, akawa shahidi wa serikali.

## Kaimu mwingine

Baada ya vita walioshindwa walirudishwa kundini. William Cutolo, kiongozi mkubwa wa kundi la Orena na mmoja wa walioachiwa mwaka 1994, akapandishwa hadi kuwa naibu bosi. Allie Boy alikuwa ametoka na sasa ndiye kaimu wa baba yake. Ukiangalia kwa mbali ungesema familia imepona.

Mwaka 1999 Allie Boy akawa na kesi ya silaha na akajua atarudi ndani. Nani angebaki nje, mwenye watu, mwenye fedha, mwenye heshima? Cutolo. Tarehe 26 Mei 1999 Cutolo alikwenda kuonana na Allie Boy, na hakuonekana tena. Mwili wake ulifukuliwa Oktoba 2008 kwenye eneo la viwanda East Farmingdale, Long Island. Allie Boy alipatikana na hatia Desemba 2007, kabla hata mwili haujapatikana, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Waendesha mashtaka walisema sababu ilikuwa hofu: kwamba akiwa gerezani, anayemshikia nafasi ataichukua. Mtoto alikuwa amejifunza kutoka kwa Orena, na alichojifunza ni kuua kabla ya kuombwa kura. Kiti ambacho baba alikilinda kwa maisha ya watu 12 ili mwanawe akikalie, mwanawe alikikalia miaka michache tu, akaishia kwenye kifungo kisicho na mwisho kama cha baba.

Persico alifia kifungoni Machi 2019, ana miaka 85. Aliyekuja kuongoza baada yake alikuwa binamu yake, Andrew Russo.

Septemba 2021 Russo alikamatwa akiwa na miaka 87, pamoja na naibu wake, mshauri wake na makapteni. Nilisoma mashtaka yale kwa makini kuliko nilivyosoma yale ya vita, kwa kuwa nilitaka kujua kiti chenyewe kinazalisha nini. Waendesha mashtaka walieleza kwamba kwa takriban miaka 20 kapteni mmoja alikuwa akimtisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi huko Queens na kuchukua sehemu ya mshahara wake, na kwamba baadaye wakubwa waliamua kuuingilia mfuko wa afya wa wanachama. Kiongozi huyo wa chama ndiye aliyekuwa analipa. Mwaka baada ya mwaka alikata fungu la mshahara wake akampelekea mtu aliyemwambia kwamba atamuua, na ningependa sana siku moja tuisome historia ya familia hii kuanzia kwake.